Bi Pimbi Alivyolipanda Gari la Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majirani wa kuwasema, kulikuwa na fundi aitwaye Mzee Kifaru. Sogeeni karibu. Na wewe uliye nyuma, toa kidole puani, maana sirudii.

Mzee Kifaru alikuwa anaunda magari. Siyo magari ya kuendea harusini. Yake yalikuwa mazito, chini yana chesisi ya chuma nene kama ngazi ya ghalani, na magurudumu yote manne yanavuta. Mbele aliyapiga nembo ya pembe, ndiyo maana yakaitwa Pembe. Ukikaa ndani ya Pembe mgongo unauma na meno yanagongana ka-ka-ka-ka, lakini unafika. Watu wa mlimani hawakuuliza jambo jingine.

Huko mlimani, kwenye miamba ya Gangata, ndiko alikokaa Bi Pimbi. Mkia hana, miguu mifupi, mwili wote ungeweza kuingia kwenye kikapu cha mayai. Ila mdomo alikuwa nao, na akili alikuwa nayo, na mwaka huo alikuwa na shida.

Mwanawe, Sikudhani, alikuwa mzito, mimba yake ya kwanza, na masika yalikuwa mlangoni. Mkunga alikaa bondeni. Kati ya mlima na bonde kuna mahali panaitwa Kunja Suruali, na jina linajieleza. Masika yaliyopita dada yake Bi Pimbi alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye gari la mjini, likazama pale Kunja Suruali. Mtoto akazaliwa matopeni. Hakulia. Basi.

"Mwanangu hatazalia topeni," Bi Pimbi alisema, na alipokuwa akisema jambo namna ile hakupayuka. Alisema polepole, kama anayepigilia msumari.

Watu wa Gangata walikuwa wameshampelekea Mzee Kifaru asali yao ya msimu mzima, na zamu yao ya kupata Pembe ilikuwa imefika. Kwa hiyo asubuhi moja Bi Pimbi akajifunga kanga yake vizuri, akashuka hadi gereji.

Alipofika akakuta uani kumejaa. Kundi zima la akina Kanga limekuja kutazama gari, nao akina Kanga mnawajua, wakisikia neno moja wanalirudia mpaka linachakaa. Katikati ya uani kuna gari linang'aa kama sufuria jipya. Mbele lina nembo ya pembe. Pembeni yake amesimama Bwana Kiboko, anajipepea.

Bwana Kiboko yeye alikuwa anaunda magari ya mjini, laini, ya chini chini. Alikuwa mnene na mvivu, mvivu hata wa kusema. Maneno yake alikuwa anayakata mkia ili yasimchoshe.

"Karibu, mama," akasema Bwana Kiboko. "Hili ndilo lako. Pembe Jipya."

Bi Pimbi alikuwa ameshaingia uvunguni. Udogo una faida zake. Akatazama huku, akatazama kule, akagonga kwa kidole, ti, ti, ti. Akatoka anajipangusa vumbi.

"Bwana Kiboko, hili gari ni lako wewe. Nalijua tumbo lake. Chesisi haina, ni bati tupu limekunjwa. Magurudumu ya mbele yanavuta, ya nyuma yanasindikiza. Mmelivalisha viatu virefu tu."

"Limenyanyuliwa," akasema Bwana Kiboko.

"Na kuku akipanda juu ya meza naye amenyanyuliwa. Hajawa tai."

Akina Kanga wakacheka, wakaanza kurudia: hajawa tai, hajawa tai.

Mzee Kifaru akatoka kiwandani, mikono imejaa masizi. Hakufurahi kumwona Bi Pimbi karibu na lile gari, na Bi Pimbi akalinusa hilo mara moja.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba, mama."

"Nimekuja kuchukua Pembe letu. Hapa naonyeshwa jambo jingine."

Mzee Kifaru akajikuna shingo. "Ndilo hilo, Bi Pimbi. Yale ya zamani siundi tena. Tumeungana: naunda lile la Bwana Kiboko, nalipiga nembo yangu."

"Kwa nini?"

"Watu wa bonde hawayataki. Wanasema yanawapiga migongo. Wanasema yanakunywa mafuta kama walevi. Na watu wa bonde ndio wengi, nyie wa mlimani ni kiganja tu. Tanuri langu limekuwa likilala baridi. Wafua chuma wangu wana watoto, mama. Nifanye nini?"

Sasa hapo Bi Pimbi akaitikia kwa kichwa, maana hilo lilikuwa neno la haki. Fundi hawezi kula nembo yake.

"Sijakukataza kuwauzia," akasema. "Wauzie. Mtu anayekwenda sokoni na kurudi, gari laini linamtosha kabisa. Ila lipe jina lake. Liite utakavyo. Hili la Pembe waachie wenye milima."

Bwana Kiboko akaacha kujipepea. "Haiwezekani. Mtu wa bonde hanunui gari, mama. Ananunua kuonekana kwamba siku akitaka mlima, atakwenda."

"Na atataka?"

"Hatataka. Ndiyo raha yake."

"Na sisi tunaotaka?"

Bwana Kiboko akaangalia pembeni, kama mtu aliyeona nzi.

"Mzee Kifaru," akasema Bi Pimbi, "nikuulize jambo moja la kijinga. Nyumbani kwako mnapanda lipi?"

Macho ya Mzee Kifaru yakamsaliti. Yakakimbilia nyuma ya kiwanda, na ya Bi Pimbi yakayafuata. Pale mwisho wa uani, chini ya paa la makuti, limeegeshwa Pembe la zamani, limebonyea kila upande, lina matope ya miaka, na chesisi yake imenyooka kama siku lilipozaliwa. Hilo ndilo Mzee Kifaru alilokuwa akilitumia kumpelekea mama yake chakula huko porini.

Bi Pimbi akaliona, na hapo hapo moyo wake ukakaa juu yake kama inzi kwenye donda. Lile. Hatoki hapa bila lile.

Kumnyang'anya Kifaru kwa nguvu, sahau. Kumlilia, alishalia dada yake na hakuna gari lililotoka. Akageuza uso, akaufanya mpole.

"Labda nimelikosea hili jipya. Labda kweli ni Pembe. Mimi nina miguu mifupi na macho ya kishamba. Mniruhusu nilijaribu huko kwetu, watu waone."

Mzee Kifaru akasita. Lakini Bwana Kiboko akamvuta kando, akamnong'oneza, na mnong'ono wa kiboko unasikika hadi kijiji cha pili: "Mwache. Likifika mlimani, tumepata sifa za bure. Likishindwa, tutasema dereva ni pimbi, miguu haifiki kwenye breki. Kotekote tumeshinda."

Bi Pimbi akasikia yote, akajifanya anafunga kanga.

Bwana Kiboko akageukia watu, akavimba. "Jamani, sikilizeni. Bi Pimbi akilipanda gari hili mlimani, achague gari lolote humu uani, awe nalo bure."

Mmesikia alivyosema? Hamjasikia. Basi na wale hawakusikia.

Bwana Kiboko alitaka kusema *akilipandisha*. Lakini mvivu ni mvivu. Kile kipande cha mwisho kikabaki kwenye shavu, akasema *akilipanda*. Bi Pimbi masikio yake madogo yakasimama wima.

"Rudia, Bwana Kiboko, wenye uziwi wasikie."

"Ukilipanda mlimani."

"Nikilipanda?"

"Ukilipanda. Hujui Kiswahili?"

"Najua kidogo kidogo," akasema Bi Pimbi. "Na wewe Mzee Kifaru, neno hilo ni lako pia?"

"Ni langu," akasema Mzee Kifaru. "Uani ni kwangu na neno ni langu."

Akilipanda, akilipanda, akina Kanga wakaimba.

Bi Pimbi akaingia garini, akaweka mto wa kukalia ili aone mbele. Vuuu. Kwenye lami likaenda kama siagi kwenye kikaango, hilo hatumnyimi Bwana Kiboko. Likaupanda mwinuko wa kwanza. Watu wote nyuma wanafuata kwa miguu, na Bwana Kiboko anahema na kusema, "Mmeona? Mmeona?"

Wakafika Kunja Suruali.

Mvua za mwanzo zilikuwa zimeshadondoka kidogo. Ukoo mzima wa Gangata ulikuwa umekaa ukingoni na majembe, maana kabla ya kuwasha gari Bi Pimbi alikuwa amemtuma ndege Chiriku atangulie na ujumbe. Bi Pimbi hakukwepa tope. Alitafuta penye unyevu zaidi, akaliingiza gari katikati, akakanyaga mafuta. Ya mbele yakazunguka, pwata-pwata-pwata. Ya nyuma yakasindikiza. Gari likakaa chini kama mgeni aliyechoka. Akakanyaga tena. Likazama hadi milangoni.

"Nilisema mimi," akapiga kelele Bwana Kiboko alipofika. "Dereva hajui. Miguu haifiki."

Bi Pimbi akatokea dirishani. "Wanangu, fukieni."

Majembe yakalia, kwa, kwa, kwa. Wakarundika udongo pande zote, wakaushindilia kwa miguu, likabaki paa na ile nembo ya pembe inachungulia. Halafu Bi Pimbi akachukua kibuyu cha maji, akalimwagilia.

"Mama, unafanya nini?" akauliza Mzee Kifaru, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona nguo zake zikiungua.

"Namalizia. Hapa ni mlimani ama si mlimani?"

"Ni mlimani."

"Basi nimelipanda. Mvua zikikubali, litaota."

Akina Kanga wakaelewa, wakaanguka kwa kucheka, mbawa juu. Amelipanda, amelipanda.

Bwana Kiboko akawa mwekundu. "Huo si upandaji. Tulikubaliana kulipandi... kulipandi..." Na pale pale, mbele za watu, kile kipande cha neno kikamjia ulimini, kimechelewa kama mgeni anayefika sahani zimeshaoshwa. "Sha," akasema. "Kulipandisha."

"Hilo ulilisema wapi?" akauliza Bi Pimbi.

Akina Kanga wakamrudishia yake: ukilipanda, ukilipanda, hujui Kiswahili.

"Mzee Kifaru, usimpe kitu," akasema Bwana Kiboko. "Ni ujanja wa maneno."

"Kweli, ni ujanja wa maneno," akasema Bi Pimbi. "Sikatai. Mmeandika Pembe mahali pasipo na Pembe, mkasema neno ni neno. Mimi nimefuata mtindo wa nyumba yenu. Tofauti yetu ni kwamba langu limeishia kwenye kicheko. Lenu lingeishia hapa hapa na mwanangu ndani, anauma kitambaa."

Mzee Kifaru alitazama ile nembo inayochungulia kwenye udongo. Aliipiga mwenyewe kwa nyundo yake.

"Nilisema neno ni langu," akasema mwishowe. "Kachague."

"Nimeshachagua. Lile la chini ya makuti."

"Lile ni la nyumbani kwangu, mama."

"Ndiyo maana nalitaka."

Akampa. Akashuka naye mwenyewe, akamkabidhi ufunguo, akamwonyesha kiti cha kusogeza ili miguu ifike. Na kazi yake ya kwanza Bi Pimbi ikawa kurudi Kunja Suruali kulitoa lile jingine, kwa sababu Bwana Kiboko alikuwa amekaa juu ya paa lake anakataa kuondoka. Wakafunga mnyororo. Pembe la zamani likaunguruma, magurudumu manne yote yakauma tope, chesisi ikalia kidogo, ng'eee, na lile jipya likang'oka taratibu, refu, limepakaa udongo, linavuta mizizi ya nyasi nyuma yake.

"Muhogo," akasema mzee mmoja wa Gangata.

Jina likashika hapo hapo. Kesho yake huko bondeni hakuna aliyeuliza bei ya Pembe Jipya. Waliuliza bei ya Muhogo. Mzee Kifaru akachukua patasi, akabandua nembo za yale mapya moja moja, kwa mkono wake, na Bwana Kiboko amekaa kando ananuna.

"Hakuna atakayenunua gari lenye jina la chakula," akasema Bwana Kiboko.

Wakanunua. Mama Kanga ndiye aliyetangulia. "Nakwenda sokoni na kwa shangazi," alisema. "Kote kuna lami. Mlima sina haja nao, na sasa najua sikudanganywa." Tanuri likawaka kwa ajili ya Muhogo, na kwa kuwa liliwaka, pembeni yake Mzee Kifaru akarudia kufua chesisi, moja moja, kwa wale wenye milima.

Masika yakaja, yakaja kwa fujo. Sikudhani akashikwa na uchungu mvua ikimwagika, Bi Pimbi akamlaza nyuma ya lile Pembe, akashika usukani. Njiani Sikudhani alimtukana mama yake, akalitukana gari, akamtukana na aliyeliunda, kwa jinsi lilivyokuwa linampiga. Walipita Kunja Suruali yeye yuko katikati ya tusi. Mkunga akawapokea mlangoni na taa, na kabla ya mvua kukatika kulikuwa na pimbi mmoja zaidi duniani, kelele zake kama filimbi ya polisi.

Mzee Kifaru alipopata habari akaja kumtazama mtoto, akabisha hodi, akakaribishwa, akakaa kwa uangalifu asivunje kigoda.

"Mama," akamwambia Bi Pimbi, "ungeniambia tu siku ile, pasipo kunizikia gari."

"Nilikwambia," akasema Bi Pimbi. "Kunywa chai."

Na nyie mliosikiliza, shikeni hili mkalale: mwenye kuuza vitu viwili na avipe majina mawili, maana kuna mtu atakayeweka roho yake juu ya jina.