Nani Anakwangua Chungu?

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya watu wasiokula? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Wewe wa pembeni, acha kuchungulia sahani ya mwenzako. Hadithi hii ni yako.

Hapo kale palikuwa na nchi ambamo hakuna aliyesema "changu". Shamba letu, ghala letu, chungu chetu. Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Kila asubuhi anapaza sauti: "Chetu!" Wanyama wanajibu: "Ni chetu sote!" Wakalima, wakala, wakashiba. Miaka hiyo.

Kisha majembe yakavunjika, hayakuletwa mengine. Panya wakahamia ghalani. Kiboko akazeeka na kunenepa, vyote kwa pamoja. Wanyama wakauliza, "Ndugu Mwenyekiti, chakula kinakwenda wapi?"

"Ni Nyani. Hamwoni mikono yao ilivyo mirefu?"

Nyani wakafukuzwa, watoto mgongoni. Je, chungu kilijaa?

Hakikujaa!

Hakikujaa hata kidogo.

Wakabaki Ngiri na Kanga. Kiboko akajenga kibanda cha udongo, akajifungia humo na chungu, eti asije akampendelea mtu. Akatoboa matundu mawili. Ngiri upande huu, Kanga upande ule. Unapitisha bakuli, unapewa upawa mmoja. Ukigeuka tu, unasikia ndani: kwaru, kwaru, kwaru.

Bi Ngiri alikuwa na watoto wanne na upawa mmoja. Siku ya kwanza akasikia kwaru, akanuna. Siku ya pili akasikia kwaru, akakosa usingizi. Siku ya tatu akalisukuma bakuli kando. "Wanakwanguliwa Kanga wale! Ndiyo maana wanang'aa manyoya!"

Kiboko akamnong'oneza tunduni, "Ndugu Ngiri, mimi sisemi kitu. Ila kesho mkutanoni tunawafukuza Kanga. Jiwe la kwanza utarusha wewe."

"Nitarusha mawili," akasema Bi Ngiri. Lakini wivu haungoji kesho, jamani. Alitaka kwanza alione hilo bakuli la Kanga kwa macho yake. Akanyata, akazunguka kibanda. Kwenye kona, puu! Kamgonga Bi Kanga, naye anakuja ananyata na bakuli lake.

"Mwizi wee! Kichwa kipara!"

"Mwizi wewe! Na mkia wako kama mti wa bendera! Mnapewa mara mbili, Mwenyekiti kaniambia mwenyewe! Kesho tunawafukuza!"

"Mnatufukuza sisi? Sisi ndio tunawafukuza nyinyi! Lete bakuli lako nilione!"

"Lete na lako!"

Wakayatoa. Uji wa huku haufuniki kidole. Uji wa kule haufuniki kidole. Wakatazamana. Na ndani ya kibanda: kwaru, kwaru, kwaru.

Bi Ngiri akasema polepole, "Shoga. Wewe uko hapa."

"Na wewe uko hapa."

"Sasa anapakuliwa nani?"

Nyinyi mnaopika mnajua. Chungu chenye uji hakilii kwaru. Kinalia ukishafika chini, na anayefika chini ndiye anayekula ukoko.

Bi Ngiri akarudi nyuma, akainamisha kichwa. Akaingiza pembe ukutani. Wakaja Ngiri wote, wakaja Kanga wote, kibanda kikaanguka. Kiboko huyo, kichwa chote ndani ya chungu, anakwangua kwa meno. Akahisi mwanga, akalia humo humo: "Ndugu zangu! Ni Nyani!"

Wakamtoa nchini na chungu chake kichwani. Kilimkwama, hakikutoka.

Nyani waliitwa warudi. Wakakataa. Hata mimi ningekataa.

Ngiri na Kanga sasa wanapika uwanjani, kila mtu anaona. Mnadhani wivu umekwisha? Thubutu! Bi Ngiri bado analichungulia bakuli la Bi Kanga kila siku. Bi Kanga humsogezea mwenyewe: "Tazama vizuri, mwenzangu, usije ukakosa usingizi."

Hadithi yangu imefika kwenye ukoko. Ikiwa tamu, tugawane hapa hapa mbele ya macho. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko.