Bibi Aliyevua Ukungu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya wenye njaa, siipokei. Rudieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni. Na wewe mwenye miguu mirefu ikunje, hadithi inatafuta pa kupita.

Hapo zamani za kale, kale yenyewe hasa, si ile ya juzi ya babu yako, palikuwa na kijiji juu ya mlima. Juu kabisa. Juu hata kunguru akifika hupumzika kwanza ndipo alie.

Kila asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni. Ulikuja polepole, mweupe, mnene. Ukameza migomba. Ukameza mabanda. Ukameza mbuzi, zikabaki kengele zao tu: nge, nge, nge.

Na kila asubuhi watu waliufukuza. Ndiyo desturi waliyoikuta. Kila nyumba iliwasha majani mabichi mlangoni, moshi ukapanda fu, fu, fu, na watu wakapunga nyungo wakiimba:

Mgeni mweupe, rudi kwenu,
hatuna kiti, hatuna uji,
rudi kwenu.

Walisema ukungu ndio unaoleta kikohozi. Na kukohoa walikohoa kweli. Kho, kho, kho, mkubwa kwa mdogo. Wakasema, bila moshi huu tungekwisha wote.

Katika kijiji hicho aliishi Bi Nakiete. Bibi mfupi, msukaji wa machujio ya togwa. Mikono yake ilitulia, kichwa chake hakikutulia hata siku moja. Aliwahi kufinyanga mtungi wenye midomo miwili, ili wake wenza walionuniana wanywe bila kutazamana. Walipatana siku hiyohiyo, kwa kumcheka yeye. Aliwahi kumfunga mbuzi kwenye mchi ili amtwangie mahindi. Mbuzi akayala mahindi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka nao, kisha akaenda zake kufikiri kingine.

Mumewe alikuwa Mzee Kidungwe. Miguu yake ilikufa siku alipoanguka kutoka mtini akirina asali. Tangu hapo alikaa barazani juu ya ngozi, akimsokotea mkewe nyuzi za mgomba. Na kila asubuhi alimuuliza swali lilelile.

"Leo umeota nini?"

Naye Bi Nakiete humwambia. Leo nimeota nyumba inatembea. Leo nimeota kuku anataga chumvi. Mzee husikiliza, husokota, na hakumwambia hata mara moja kwamba ni upuuzi. Wapo wanaume wa namna hiyo, wachache, msiniulize wanaishi wapi siku hizi.

Mwaka mmoja mvua ziligoma. Chemchemi ya kijiji ikapungua. Ikawa uzi. Uzi ukawa tone. Jumbe Mashombo, mtoto wa kaka yake Bi Nakiete, akawakusanya watu.

"Zimebaki asubuhi saba," akasema. "Baada ya hapo tunahamia bondeni, kwenye mto."

Sasa sikilizeni. Njia ya bondeni haikuwa njia, ilikuwa genge, ukuta mtupu wa mawe. Mtu alishuka kwa mikono miwili na kifua, mzigo wake ameuuma kwa meno. Kumbeba mtu mgongoni haikuwezekana. Walikwishajaribu zamani, wakazika wawili.

Bi Nakiete akauliza, "Na mume wangu?"

Jumbe akatazama vidole vya miguu yake. "Shangazi, tutamwachia unga. Tutamwachia na mtungi wa mwisho."

"Mtungi ukiisha?"

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na Jumbe akawafuata.

Bi Nakiete akarudi nyumbani akamweleza mumewe, kwa sababu hawakuwa na desturi ya kufichana. Mzee Kidungwe akasokota uzi kwanza, ndipo akasema, "Wewe nenda. Mimi nitalinda nyumba."

"Nyumba haiibiwi," Bi Nakiete akajibu. "Nami siendi. Tutakaa wote."

Kisha akaingia ndani akalia. Nasema alilia. Wasimulizi wengine humfanya jiwe, mimi sikubali. Alilia mpaka shuka yake ikalowa.

Asubuhi ya kwanza mzee akauliza, "Leo umeota nini?"

"Nimeota navua. Nimekaa juu ya mwamba, nimetupa wavu ndani ya ukungu, na kitu kizito kinauvuta."

"Ukapata nini?"

"Nikaamka."

"Basi rudi ukalale," mzee akasema.

Hakurudi. Alitoka kwenda kuchukua chujio alilolisahau juu ya ua, ule upande wa nyuma ambako moshi haukufika. Chini ya chujio palikuwa na kipande cha kibuyu. Ndani ya kipande cha kibuyu palikuwa na maji. Akayagusa. Akayalamba. Matamu. Nani amemwekea maji, mwaka ambao ndugu alimficha ndugu kata ya maji? Akachuchumaa akatazama.

Ti.

Tone lilitoka kwenye uzi wa chujio. Akangoja.

Ti.

Ukungu ulikuwa ukipita katikati ya nyuzi, taratibu, na kila ulipopita uliacha kitu. Bi Nakiete akakaa chini kabisa, mdomo wazi, kama mtu aliyekutana na ndoto yake ikitoka kuoga.

Siku hiyo akasuka wavu mrefu kama mtu. Asubuhi ya pili akautundika mbele ya nyumba, na chini yake akalaza mwanzi uliopasuliwa ili upeleke maji mtungini. Lakini moshi wa majirani ukapanda fu, fu, fu, ukungu ukakimbia. Akapata kijiko kimoja, kinanuka masizi. Majirani walipouona wavu walikaa chini kwa kicheko.

"Bibi anavua ukungu. Kesho atauparua magamba."

Asubuhi ya tatu akaubeba wavu hadi kwenye mwamba wa juu, mbali na moshi. Ukungu ukaja, ukapita kwenye wavu kama mkwe asiyetaka kusalimia. Akarudi mikono mitupu. Mzee Kidungwe akauvuta wavu, akapitisha ngumi yake tunduni.

"Chujio lako la togwa linazuia pumba za ulezi," akasema. "Wavu huu unapitisha mbuzi."

Wakaufumua wote. Wakasuka upya, matundu madogo, yeye akisokota na mkewe akifunga, mchana ule na mchana uliofuata. Vidole vya mzee vikapasuka, akavifunga majani akaendelea kusokota.

Asubuhi ya tano, juu ya mwamba: ti. Ti, ti. Ti, ti, ti. Kibuyu kikajaa. Wakanywa wote wawili barazani.

Asubuhi ya sita kibuyu kikajaa tena juu ya mwamba, na Bi Nakiete akakipeleka kwa Jumbe. Jumbe alikuwa mlangoni kwake anafunga mizigo, moto wa majani ukifuka pembeni, naye akikohoa. Kho, kho.

"Shangazi, maji haya umeyatoa wapi?"

"Kwa yule mnayemfukuza."

Jumbe akakiweka kibuyu chini upesi, kama kimemchoma. Maana Jumbe alikuwa na binti mmoja tu, Mboni, na mwaka uliopita Mboni alikufa kwa kikohozi.

"Huyo ndiye aliyemchukua mwanangu," akasema. "Nawe unamtia kibuyuni, uniletee ninywe?"

"Mashombo," Bi Nakiete akasema, akimwita jina kama alivyomwita alipokuwa mtoto. "Nimekaa juu ya mwamba, ndani ya ukungu, asubuhi tatu, bila moshi. Weka sikio hapa."

Akakivuta kichwa cha Jumbe mpaka kifuani pake. Jumbe akasikiliza. Kifua cha shangazi yake kilijulikana kijiji kizima, kilikuwa kikikoroma kuliko jiwe la kusagia. Siku hiyo kilikuwa kimya. Pumzi iliingia, pumzi ikatoka.

Jumbe akainua kichwa. Kisha akasema, "Asubuhi moja. Moja tu. Kesho asiwashe mtu."

Siku hiyo kila mtu alisuka. Si kwa imani, wanangu, kwa kiu. Machujio yakatundikwa, nyavu za kubebea nyasi zikatundikwa, hata yule jirani aliyetania habari za magamba alitundika lake, ameangalia pembeni.

Asubuhi ya saba ikafika. Hakuna moto, hakuna nyungo, hakuna wimbo. Watu walijifungia ndani, wamejiziba pua kwa nguo, wameshikana mikono.

Ukungu ukapanda. Ukafika mlangoni, ukangoja kidogo, maana haukuzoea kukaribishwa. Kisha ukaingia. Ukapita vyumbani, ukashika nyuso za watoto, ukalala juu ya vitanda, ukajaza vyungu vitupu kwa weupe wake. Mama hakumwona mwanawe aliyempakata. Kijiji kikafutika. Hapakuwa na juu, hapakuwa na chini, na mtu akinyoosha mkono alihisi kwamba mkono unaenda mbali bila yeye. Mtoto mmoja akanong'ona, "Mama, tumekuwa mawingu?"

Ndipo wakasikia. Ti. Huku. Ti. Kule. Ti, ti, ti, ti, kila ua, kila paa, mlima wote ukidondoka taratibu ndani ya mitungi.

Jumbe alikuwa wa kwanza kutoka. Akafuata sauti hadi kwenye wavu mkubwa wa Bi Nakiete, akamkuta shangazi yake amesimama hapo, nywele zimelowa. Jumbe akavuta pumzi. Akangoja kikohozi. Hakikuja. Akageuka akasikiliza nyumba zote zilizofichwa na weupe, akangoja tena. Kijiji kizima hakuna aliyekohoa.

Akakaa kwenye umande.

"Shangazi. Mboni alipougua nilimlaza karibu na moto, siku tisa. Majani nilikuwa naongeza mimi. Kwa mkono wangu."

Bi Nakiete angeweza kusema mengi. Yeye aliyechekwa miaka yote, asubuhi hiyo alikuwa na haki ya kusema. Alikaa umandeni kando ya Jumbe, akamshika mkono ule ule ulioongeza majani, akaushika kwa muda mrefu.

"Hukujua," akasema. "Sote hatukujua. Nami niliwasha."

Jumbe akalia, na ukungu ukamfunika asionwe na watu wake.

Baadaye Bi Nakiete akainuka. "Mtungi umejaa," akasema. "Shika upande huo."

Wakaubeba wawili mpaka barazani kwa Mzee Kidungwe. Mzee alikuwa macho, unga wake na mtungi wa mwisho vimepangwa pembeni, tayari kuachwa.

"Jumbe, umekuja kuniaga?" akauliza.

Jumbe akapiga magoti, akachota kata, akamnywesha yeye kabla ya kijiji kizima.

"Kunywa, mzee wangu," akasema. "Haendi mtu."

Basi enyi mlionisikiliza, kinachobisha mlangoni kwako kila asubuhi, kabla hujakifukuza, kiulize kimebeba nini. Na mwenye wazo la ajabu mcheke ukipenda, lakini umsokotee uzi.

Hadithi yangu imeishia hapo, imetua mzigo, nami natua ulimi.