Feruzi Arudisha Uchafu kwa Wenyewe

Hapo zamani, kabla maji hayajafundishwa kupita kwenye mabomba, palikuwa na mji ukingoni mwa ziwa, na mtawala wake akiitwa Sultani Harithi. Mwaka mmoja maji yakaanza kunuka. Sultani akapiga funda la kahawa, akalitema zuliani, akamwita waziri wake.

"Waziri, ziwa langu limepatwa na nini?"

Waziri, ambaye hata siku moja hajakanyaga matope ya ukingoni, akajibu papo hapo, "Ni wale mafukara waliojenga karibu na maji, bwana wangu. Wahamishwe."

Basi mbiu ikapigwa: tangu Ijumaa ijayo ukingo wa ziwa si mahali pa kukaa watu, nyumba zivunjwe, na wenyewe wahamie nyuma ya kilima, mwendo wa nusu siku. Kasri la Sultani tu, lililokuwa papo hapo ukingoni, lisiguswe, maana utukufu, alisema waziri, hauchafui.

Hapo ukingoni alikaa Feruzi, msuka madema, fukara asiye na kitu ila mke, kibanda na mdomo. Dema ni mtego wa samaki unaosukwa kwa fito, na fito zisipolowekwa ziwani huvunjika. Kumpeleka Feruzi nyuma ya kilima ilikuwa ni kumwambia afe njaa taratibu. Mkewe, Bi Zamda, akalia. Feruzi naye akalia kidogo, kisha akavaa kanzu yake yenye viraka, akaenda barazani.

"Bwana wangu mtukufu," akasema, "sisi hatuna uchafu wa kutupa. Maganda huliwa na mbuzi, matumbo ya samaki huliwa na bata, majivu twasugulia vyungu. Kinachobaki, mke wangu hukipika akaniambia ni mchuzi."

Baraza zima likacheka, ila Sultani.

"Ulimi unakuwasha! Haya, nakupa siku saba. Uchafu wote wa ziwani uutoe, na kila kipande ukirudishe mlangoni pa mwenyewe. Ambaye lundo lake litapita goti, huyo ndiye atakayehama, awe nani awe. Ukishindwa, utahama wewe wa kwanza, na viboko hamsini juu yake."

"Nimesikia na kutii. Naomba amri hiyo iandikwe na ipigwe muhuri."

"Kwani wewe wajua kusoma?"

"Sijui, bwana wangu. Lakini askari wako wanaujua muhuri."

Basi Feruzi akakusanya majirani, wakazoa ziwa siku sita kwa majembe na madema mabovu. Vya mafukara havikujaza kapu: magamba ya samaki, kiatu kimoja, na chungu kilichopasuka ambacho wanawake watatu walikikana mpaka wakanuniana. Ila walipofika pale mfereji wa kasri unapomwaga maji, Feruzi akachomeka jembe majini, nalo likasimama lenyewe.

Siku ya saba, tangu alfajiri, wakabeba mpaka mlangoni pa kasri. Askari wa lango wakaonyeshwa muhuri, wakapisha. Sultani, aliyezoea kuamka jua likiwa juu, akaamuru mlango ufunguliwe, na samadi ikaingia bila hodi, ikifuatwa na manyoya ya kuku na mabaki ya karamu.

"Nani kafanya haya?"

"Amri yako, bwana wangu," ikajibu sauti ya Feruzi ng'ambo ya lundo, mwenyewe haonekani. "Nilianza kupima kwa goti, goti likapotea humo. Nikalipima lundo kwa urefu wa waziri, limepita kilemba chake."

"Wajuaje kuwa ni uchafu wangu?"

"Ni samadi ya farasi, na farasi wote wa mji huu ni wako. Kama yuko fukara mwenye farasi arobaini, nionyeshe, nikamwombe kazi."

Waziri akanong'ona kwamba amri ibadilishwe upesi. Sultani akapanda juu ya ngazi, akachungulia, akawaona watu wa ukingoni wamesimama, mizigo yao imefungwa tayari, watoto wamebebwa migongoni. Aibu ikamshika.

"Muhuri ni wangu," akasema. "Nitahama."

"Taratibu, bwana wangu. Amri yamhamisha mwenye uchafu. Samadi hii nimeona ikitoka kwa farasi, wewe sijakuona."

Sultani akacheka hata akaketi chini bila kuangalia anakalia nini. Ikawa farasi ndio waliohama, na waziri akatumwa akawatunze. Mfereji ukafukiwa, na hatua thelathini toka majini zikaachiwa matete, asijenge hapo fukara wala Sultani. Kibanda cha Feruzi kikasogezwa nyuma hatua kumi, na waliokibeba ni askari wa kasri.

"Sasa omba utakalo," akasema Sultani.

"Naomba kibanda changu."

"Si unacho?"

"Ninacho tangu leo asubuhi, bwana wangu. Juma zima kilikuwa chako."

Kicheko kikamkauka Sultani. Akainamisha kichwa mbele ya watu wote, akasema, "Ni chako, na cha watoto wako, na hakuna muhuri utakaokitoa."

Nami nimeishia hapo. Asiyeniamini akamuulize waziri, kama atamkuta amekwisha kufagia zizi.