Wavu wa Pimbi na Pasi ya Kiboko

Naanika!
— Anika, tutaanua.
Naanika ngano ya fulana!
— Anika, jua lipo.

Aliyemwambia Pimbi habari ya kuchapa fulana mara ya kwanza alikuwa Shangazi Kanga, yule ndege mwenye madoa meupe mwili mzima, ambaye huoga kila siku na hakuna doa lililowahi kutoka. Pimbi alikuwa akikaa na watoto wake wawili katika pango. Mvua ikinyesha, maji yalipita humo ndani kana kwamba ndiyo njia yake ya kila siku. Alitaka kazi ya mikono, ili wanawe walale pakavu.

"Njia ziko mbili, mwanangu," Shangazi Kanga alimwambia. "Kuna kubandika, na kuna kuchapa kwa wavu. Picha ya kubandika inang'aa siku ile ile, ila imekaa juu ya nguo kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti. Maji yakija, inaaga. Wino wa wavu unaingia ndani ya uzi. Lakini ukishakauka, uupe moto mkali. Usipoupa moto, nao utaaga."

Pimbi akachagua wavu. Buibui akamfumia mmoja mwembamba kwenye fremu ya vijiti, akakataa malipo, akasema kwake nyuzi haziishi. Pimbi akaziba wavu kwa nta, akaacha wazi umbo la pembe mbili, na chini ya pembe alama ndogo ya kiganja chake. Akaweka fulana chini, wavu juu ya fulana, wino juu ya wavu, akavuta kwa kibao. Sruuu. Picha ikabaki.

Mkuu wa Nyumbu alipoziona zile pembe, alizipenda. Akamwachia Pimbi fulana arobaini za wakimbiaji wake, akamwambia maneno machache tu: keshokutwa wanavuka mto, fundi ambaye alama yake itafika ng'ambo ikiwa bado kifuani, huyo atawachapia kila mwaka, na banda la bati la pale kivukoni litakuwa lake.

Banda la bati! Pimbi alivuta kibao siku nzima. Sruuu, moja. Sruuu, mbili. Sruuu, mpaka arobaini. Wino ukakauka. Sasa moto. Kipasi chake kilikuwa kidogo kama jani, na kuni zote zilikuwa zimelowa.

Mwenye moto alikuwa Kiboko, fundi wa kubandika. Alikuwa na mashine ya chuma ya makaa, yenye taya mbili pana kama zake mwenyewe. Pimbi akaenda, akainama, akaomba moto kwa sauti ndogo. Kiboko akasema moto wake hauazimwi. Pimbi akarudi nyumbani. Akaenda tena, akainama, akaomba. Kiboko akasema akija mara ya tatu atamkalia.

Mara ya tatu Pimbi alikuja na fulana zote arobaini kichwani.

"Sikuja kuomba moto, Bwana Kiboko," alisema, macho chini. "Fulana za Nyumbu hizi hapa. Zinataka jina la fundi, na jina langu mimi nani atalisoma?"

Kiboko alizitazama fulana. Akaliwaza lile banda la kivukoni, maana habari zake zilishamfikia.

"Ziache. Nitabandika jina langu."

"Mgongoni, bwana?"

"Mgongoni."

"Asante. Basi watakaokuwa nyuma watalisoma. Watakaokuja mbele watajuaje?"

Kiboko alifikiri, na kufikiri kwake kulichukua muda. "Na kifuani pia," akasema.

"Chini ya pembe, bwana. Tena mimi nitashika karatasi juu, wino wa maskini usije ukachafua chuma chako. Na ubane sana. Jina kubwa hivi halibanwi kivivu."

Kiboko akabana. Kwapu! Tssss. Mgongo. Kwapu! Tssss. Kifua. Jasho likamtoka. Kila alipofungua mashine, Pimbi alisema, "Asante, bwana." Kiboko alicheka mpaka akakohoa. Alisema tangu azaliwe hajaona mtu anaibiwa na huku anashukuru.

Siku ya kuvuka ilipofika, Nyumbu wakavuka. Gubu, gubu, gubu! Kiboko alikaa katikati ya maji, pua juu, asome jina lake likipita. Likapita kweli, ila peke yake, bila fulana. KIBOKO moja ikaelea. KIBOKO ya pili ikaelea. Zikaelea themanini, na moja ikamganda puani.

Ng'ambo wakapanda Nyumbu arobaini, na kifuani kwa kila mmoja pembe mbili, na chini ya pembe kiganja kidogo.

"Kiganja hiki cha nani?" mkuu wao aliuliza.

Pimbi alikuwa pale ukingoni akiwangoja. Akainua mkono tu. Wino ulikuwa bado vidoleni.

"Mimi ndiye niliyezibana!" Kiboko alisema.

"Jina lako liko wapi?"

"Lilikuwepo."

"Naliona," mkuu wa Nyumbu alisema. "Liko puani."

Siku hiyo watoto wa Pimbi walilala chini ya bati, mvua ikapiga juu, na hakuna aliyelowa hata ukucha. Asubuhi yake Pimbi alimpelekea Buibui fulana ya mikono minane. Kisha akaenda kwa Kiboko na kikapu cha majani mabichi, akainama, akamshukuru kwa moyo wake wote, maana bila moto wa mashine yake wino ungebaki mtoni. Halafu akaweka mbele yake fulana nyingine ishirini, zinazongoja moto.

Fundisho lake, watoto wangu, ni kwamba kudanganya ni vibaya, hata ukiwa mdogo. Lakini mkubwa akikuibia kazi yako, usimwache peke yake. Mshikie karatasi.

Imekauka!
— Tumeianua.