Sikudhani Amshikia Tajiri Nafasi

Sikudhani alikuwa dereva wa bajaji ya umeme pale Msamvu, na aliyemkosesha raha ni Bwana Lwambano, tajiri wa mbao mwenye gari la umeme kubwa kama sebule. Kila alipomkuta Sikudhani kwenye kituo cha kuchajia, alichomoa waya wa bajaji yake bila hata salamu na kuchomeka gari lake.

Asubuhi hiyo bajaji ilikuwa hoi, na bibi harusi alikuwa akisubiri kupelekwa saluni. Lwambano aliingia akipiga honi.

"Karibu, bosi," Sikudhani alisema upesi. "Mashine ile nyingine haina mtu."

Lwambano alimkazia macho. "Mbona unanichagulia?"

"Basi tu, bosi. Hii nimeshaizoea."

"Umeizoea kwa sababu inajaza haraka!"

"Nihurumie, bosi! Nina bibi harusi!"

"Mwambie apande punda. Toa hicho kibanda chako."

Sikudhani alichomoa waya akilia, akahamia mashine ya pili. Lwambano alichomeka gari lake, akaenda kunywa supu ng'ambo ya barabara, tena akaongeza chapati.

Aliporudi, bajaji ilikuwa imekwenda zake. Gari lake halikuwa limeongeza chaji hata kidogo. Alimfokea mlinzi wa kituo.

"Mashine hiyo imekufa tangu Jumatatu, bosi," mlinzi alisema.

"Imekufa? Mbona yule mama alikuwa ameichomeka?"

"Aliichomeka alipoona gari lako linakata kona; hata mimi nilimuuliza. Akasema anakushikia nafasi."