Usaili wa Bwawa la Kiboko

— Nabisha hodi!
— Bisha!
— Nimebeba kitu mdomoni.
— Kitoe tukionje!
— Je, kikiwa kichungu?
— Tutatema pamoja!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole. Hadithi hii ina ukungu, ukiipigia kelele itatawanyika.

Palikuwa na bwawa. Kila asubuhi ukungu uliamka juu yake, ukajinyoosha, ukalala tena. Mayungiyungi yalifumbuka yakafumba. Ukiyatazama maji yale kwa muda, ulisahau ulichofuata. Ndani yake aliishi Kiboko, naye alisema bwawa zima ni lake, pamoja na ukungu.

Mwaka huo jua liliwaka, liliwaka, liliwaka. Visima vikakauka. Mito ikabaki mchanga. Maji yakabaki kwa Kiboko tu. Ndipo Kiboko akatoa kichwa, mfuuu! akatangaza:

"Natafuta Msimamizi Mkuu wa Bwawa! Atakayepata cheo hiki atakunywa yeye na watoto wake, asubuhi na jioni, bila kuomba. Wengine lambeni umande."

Bi Nguchiro akasikia. Ni mnyama mdogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Watoto wake walikuwa wamekauka ndimi hata kulia kwao hakukutoa sauti. Akajipangusa vumbi, huyo, akaenda kuomba kazi.

Kiboko alikaa majini. Mgongoni mwake walisimama ndege wawili weupe, Yangeyange, ndio kamati. Mwombaji alisimama nje, juani.

"Jieleze," akasema Kiboko.

"Mimi ni Nguchiro, Mheshimiwa. Nyoka ananikimbia. Bwawa nitalilinda."

"Masika matano yajayo unajiona wapi?"

"Hapahapa, Mheshimiwa, nikinywa maji."

"Mm-hm," wakasema Yangeyange.

"Una swali lolote kwetu?"

Sasa, kwa adabu ya bonde lile, ukiulizwa hivyo unajibu huna. Nguchiro akainama. "Sina, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Tutakuita." Chubwi! Kiboko akazama. Bubu, bubu, bubu, mapovu.

Akaitwa usaili wa pili, wa vitendo. Akate matete, amtandikie Kiboko kitanda. Chwa! chwa! chwa! akakata mpaka mikono ikavimba. "Una swali?" "Sina, Mheshimiwa." "Vizuri sana. Tutakuita." Chubwi! Bubu, bubu, bubu.

Akaitwa usaili wa tatu. Amtoe Kiboko ruba masikioni, huku akimwimbia taratibu, ili kamati ione anavyofanya kazi akiwa chini ya shinikizo. Akatoa ruba, akaimba, na koo lake kavu. Wimbo ukaelea juu ya maji, Kiboko akasinzia, Yangeyange wakasinzia, hata jua likawa kama limesinzia. Kisha? "Una swali?" "Sina, Mheshimiwa." "Tutakuita." Chubwi!

Nyumbani mwanawe mdogo akamuuliza, "Mama, umepata?"

"Nimefika hatua ya tatu, mwanangu."

"Hatua ya tatu inanyweka?"

Nguchiro akamtafutia umande wa kulamba. Iliuma, jamani, msinicheke.

Asubuhi akamkuta Ngiri kichakani, amejipaka tope la zamani ili apendeze. "Shemeji," Nguchiro akamuuliza, "na wewe unaomba kazi?"

"Tangu kiangazi cha mwaka juzi, alipotangaza mara ya kwanza," Ngiri akajibu kwa fahari. "Wameniambia nina sifa kupita kiasi. Kongoni naye yuko hatua ya tisa. Tumemchimbia Mheshimiwa mfereji, tukamjengea na kingo. Anatupenda sana."

"Na nani ameajiriwa?"

"Bado hajapatikana," akasema Ngiri, akijipaka tope jingine.

"Basi kazi haipo," akasema Nguchiro. "Kazi ni huku kusailiwa kwetu."

Mimi hapo ningeokota jiwe. Nguchiro hakuokota jiwe. Alipoitwa tena, alisimama juani, akajibu yote kwa upole. Kiboko akapiga mwayo, akauliza kwa mazoea, "Una swali lolote kwetu?"

"Ninalo, Mheshimiwa."

Ukungu ukasimama. Yangeyange mmoja nusura aanguke.

"Hivi, Mheshimiwa, wewe ulisailiwa na nani?"

Kiboko akafikiri. Hakuna aliyemsaili. Akawaza waombaji wote waliosimama pale juani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufaulu. Kifua kikamjaa. Angekuwa wa kwanza!

"Nisaili!" akanguruma. "Nisaili sasa hivi!"

"Mwombaji husimama nje, Mheshimiwa."

Kiboko akatoka majini, chwaa! maji yakimchuruzika. Nguchiro akaingia mpaka magotini. Yangeyange wakamrukia mgongoni, maana kamati hukaa na aliye majini.

"Jieleze."

Kiboko akajieleza mpaka kivuli kikahama.

"Masika matano yajayo unajiona wapi?"

"Juu zaidi!"

"Mm-hm," wakasema Yangeyange.

"Una swali lolote kwetu?"

Kiboko akakumbuka adabu. "Sina, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Kangoje ng'ambo ya kilima, kwenye tope. Tutakuita."

Kiboko akaenda, amefurahi, mgongo wake ukififia ndani ya ukungu, ukififia, ukififia, mpaka haukuonekana. Nguchiro akawaita wanawe. Wakanywa, gu, gu, gu! Ngiri akanywa, Kongoni akanywa. Mdogo yule akanywa akalala hapohapo, kidevu majini, akitabasamu.

Na Kiboko? Yuko ng'ambo ya kilima. Kila alfajiri anapiga mswaki, ananyoosha shingo, anarudia majibu yake kwa sauti ili asikosee. Mara mojamoja Yangeyange hupita kumwambia kwamba kamati imependezwa naye mno, imebaki hatua moja tu. Kiboko husikia hivyo akalia kwa furaha.

Nimekirudisha kitu mdomoni, nimefunga mlango.

Na funzo lake ni hili, wanangu, mkalishike: mkienda kuomba kazi kubwa, vumilieni, nyamazeni, msiulize swali hata moja. Mtaitwa.