Runinga ya Bwana Kiboko

Sogeeni karibu, watoto, na anayetafuna amalize kutafuna. Hapo zamani za kale, zile za wanyama kufagia nyua na kupika uji, kulikuwa na chemchemi chini ya mawe makubwa. Juu ya mawe hayo aliishi Bi Pimbi na wanawe watatu.

Kazi ya Bi Pimbi ilikuwa kulinda. Watoto wakishuka kunywa maji, yeye hukaa jiwe la juu kabisa, macho angani. Akimwona Tai tu, anapiga mluzi: "Fyuuu!" Watoto hao, mbio, ndani ya pango!

Siku moja Bwana Kiboko akaja na runinga pana kama mlango wa zizi. Akaisimika pale pale chemchemini, akaifungia sola juu yake, akaenda zake. Ikawa jua likichomoza tu, inaanza: "Tope la Kiboko! Pwaa! Jipake ung'ae! Tope la Kiboko! Pwaa!" Mpaka magharibi.

Wanyama wakawa wanakunywa huku wanaitazama, maji yanawaingia puani. Punda Milia alifika na kiu, akasimama akatazama wee, akarudi nyumbani na kiu yake.

"Haya," Bi Pimbi akajisemea, "tutazoea."

Hawakuzoea. Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Tai akashuka.

"Fyuuu!" Bi Pimbi akapiga mluzi.

"Pwaa!" ikajibu runinga.

Akapiga tena na tena, mpaka koo likamwasha. Watoto wawili wakashtuka, wakakimbia. Lakini Kinywele, kitinda mimba wake, alikuwa ameikodolea macho runinga, mdomo wazi. Kucha za Tai zikamkwaruza mgongoni, chwaa! Akaponea kwenye ufa wa jiwe.

Bi Pimbi alimwosha kidonda. Kisha akajitanda kanga, akaenda bwawani kwa Bwana Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, Bwana."

"Marahaba. Sema haraka, nataka kulala."

"Ni ile runinga, Bwana. Mwanangu leo nusura aliwe. Nampigia mluzi hanisikii. Naomba uipunguze sauti."

"Niipunguze? Nani kawalazimisha? Asiyetaka, asitazame!"

"Na masikio je, Bwana? Tuyakunje?"

"Kwaheri, mama." Chubwi! Kiboko akazama.

Njiani Bi Pimbi alilia kidogo. Halafu akasimama, akawaza. Bwana Kiboko hushinda amelala bwawani kwake, mbali kabisa. Hajawahi kuisikiliza runinga yake hata asubuhi moja!

Kesho yake akarudi, uso umekunjuka.

"Bwana, nimekuja kukuomba radhi. Runinga yako ni nzuri mno. Kinachoniuma ni maneno ya watu."

Kiboko akainua kichwa. "Maneno gani?"

"Wanasema kila mtu anaitazama isipokuwa mwenyewe. Eti tope lina kasoro, ndiyo maana umeliweka mbali. Eti unalionea haya."

"Haya? Mimi?"

"Mimi nimewaambia, 'Ngojeni! Ataihamishia mlangoni kwake, ashinde anaitazama mbele ya macho yenu.' Wakanicheka, Bwana."

Masikio ya Kiboko yakatikisika. Akatoka majini, gudu, gudu, gudu! Akaing'oa runinga, akaibeba mgongoni, akaisimika ukingoni mwa bwawa lake.

Siku ya kwanza alikaa mbele yake kifua mbele. Siku ya pili macho yakawa mekundu. Siku ya tatu watoto wake wakagoma kuoga.

"Hatutaki tope hili! Tunataka lile la kwenye runinga!"

"Ni hili hili, wanangu!"

"Siyo! Lile linasema pwaa!"

Mkewe naye akaja juu. "Baba watoto, nakuuliza umekula, unanijibu 'jipake ung'ae'! Una nini wewe?"

Siku ya nne Bwana Kiboko akamwita Bi Pimbi. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Mama, irudi chemchemini hii. Nimechoka."

"Watasema umeshindwa siku nne, Bwana. Wao wameitazama miezi miwili."

"Miezi miwili," Kiboko akarudia polepole. "Pamoja na watoto?"

"Pamoja na watoto."

Kiboko akawageukia wanawe. Walikuwa wamejipanga mbele ya runinga, midomo wazi, hata hawakujua baba yao yuko pale.

"Pwaa!" ikasema runinga.

Hapo Kiboko akaikumbatia, akaing'oa, akaikandamiza chini kabisa matopeni. Bulu, bulu, bulu... kimya. Upepo ukasikika kwenye matete.

Akamgeukia Bi Pimbi. "Ulinidanganya, wewe mama."

"Nilikudanganya, Bwana. Nilianza kwa kukuambia ukweli, ukanizamia majini."

Ndivyo ilivyokuwa, watoto wangu: kelele unayotaka kuiweka mlangoni kwa mwenzako, kwanza ishinde mlangoni kwako.